Picha za Mvua

Sisi Tanga hatukuziita filamu nyeusi.
Jina hilo ni la Wafaransa; nimelisoma uzeeni
kwenye kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi.
Sisi tuliziita picha za mvua,
kwa kuwa kila barabara ndani yake imelowa,
na kwa kuwa mikanda ilitufikia imechoka,
imezunguka Bombay, Mombasa, Moshi,
imekwaruzika hata mtu akisimama sebuleni kwake
kunanyesha.

Nilikuwa kijana wa kibanda cha mashine,
mrudisha mikanda, mkata busu kwa amri ya bodi.
Bwana Kassamali alinifundisha kusogeza vijiti viwili vya kaboni
mpaka viumane, vitoe mwanga wa kuchomea vyuma.
“Tazama,” alisema, “wenzetu hawa hawaweki taa.
Hawa wanaondoa taa.”
Akanionyesha mistari ya dirisha juu ya uso wa mwanamume:
“Hajakamatwa bado, na jela imeshamvaa.”

Akasema wengi waliobuni vivuli vile
walitoroka Berlin na sanduku moja,
na ndani ya sanduku hamkuwa na nguo.
Nikawaza stesheni yetu, boma letu kule bandarini.
Mjerumani mmoja alitujengesha kuta,
mwingine akatuletea namna ya kuziogopa.

Mwaka bei ya katani ilipopanda
Singano, karani wa mizani, akatoweka.
Baiskeli yake ilikutwa Pongwe, imeegemezwa nguzo ya simu,
kengele imefunguliwa.
Mkewe, Mwantumu, alikuja sinema siku ya nne.
Hapakuwa na maiti, basi hapakuwa na eda.
Akakaa safu ya nyuma, chini ya tundu langu,
harufu ya udi ikanipandia.

Picha ya wiki ile ilikuwa na mke,
mume mwenye duka la vito,
na mpiga kinanda asiyejua kukataa.
Mikanda saba. Katika wa saba mke anatiwa pingu,
maana huko kwao kulikuwa na kanuni:
muuaji auone mwisho wake kabla watu hawajavaa viatu.

Usiku wa pili alinisubiri ngazini.
“Ule wa saba,” alisema, “umepotea Korogwe. Sivyo?”
Hakunigusa. Hakunipa hata senti.
Aliwasha kiberiti, akanitazama
mpaka moto ukamfika kucha.

Nikasema: umepotea Korogwe.

Wiki mbili Tanga ikaona gari likiondoka ndani ya mvua,
kisha kitambaa cheupe,
kisha miluzi, chupa za soda, matusi ya mama yangu.
Makuli walibishana Barabara ya Nane mpaka adhana ya alfajiri:
kapona huyo! Hakupona!
Kuna aliyeapa amemwona mwanamke yule Mombasa, ananunua khanga.
Inspekta naye alikuja, kwa tiketi yake,
akatoka bila kucheka,
akasimama mlangoni kitambo kama mtu aliyesahau mwavuli.
Hakurudi.

Mwantumu alipanda treni ya Moshi. Nimesikia tu.
Sikumsindikiza, sikuandikiwa,
na sijui hata leo kama alifanya lolote
au alitaka kuona, mara moja,
mwanamke akiachwa aende.

Mkanda wa saba ninao, Chumbageni, chini ya kitanda.
Umeanza kunuka siki. Umejikunja kama sikio la mbwa.
Nikiunyoosha dirishani naona
mkono, pingu, mkono, pingu,
picha ishirini na nne kwa sekunde moja
ambayo nimeizuia miaka yote hii.

Saa kumi jua hupenya kati ya mbao za dirisha
na mistari hunilalia kifuani.
Navuta shuka.
Mistari inapanda juu ya shuka.